Mfuko wa Mwalimu Kioo

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka mwalimu wa udereva. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka hamsini na saba. Wengine mnatusikiliza mkiwa kwenye usukani sasa hivi, na huo usukani mlishikishwa na yeye. Mtaani alijulikana kama Mwalimu Kioo, na ndivyo tutakavyomwita, maana hata mkewe alishazoea.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja. Mkewe alipofika hapa studio, tulikuwa tumemwandalia karatasi. Juu yake tuliandika: amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Alivaa miwani, akasoma, akairudisha mezani.

"Kuugua nini?" akauliza. "Hapa hamjasema."

Tukaangaliana. Mmoja wetu akajikohoza. Ukweli ni kwamba sentensi ile tumeiandika mara nyingi mno, na mara nyingi inatusitiri sisi kuliko inavyomsitiri marehemu.

"Semeni ilikuwa saratani ya utumbo mpana," akasema mama yule. "Kule mwisho kabisa, mahali ambapo watu hawapataji. Semeni alikuwa na mfuko wa choo tumboni. Semeni alifanya kazi nao. Yeye aliona aibu ya kututosha sote. Nyinyi msimwongezee."

Basi tunasema. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa na mfuko wa choo tumboni. Alifanya kazi nao. Kama uko mezani unakula, endelea kula.

Mwalimu Kioo alianza maisha ya barabarani akiwa utingo wa lori. Alikuwa akitania kwamba yeye alijifunza kurudi nyuma kabla ya kwenda mbele, ndiyo sababu hakutajirika. Baadaye akapata kazi katika shule ya udereva, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Hapo alidumu miaka ishirini na mitatu. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, lenye breki mbili: moja ya mwanafunzi, moja ya mwalimu.

Jina la Kioo lilitokana na neno alilolisema kuliko yote. Ukitaka kuondoka, "Kioo!" Ukitaka kukata kona, "Kioo!" Binti yake, ambaye sasa anasomea ualimu, anasema hata mezani akinyoosha mkono kuchukua birika baba yake alikuwa akimwambia "kioo," kwa sababu nyuma ya kiwiko kulikuwa na kikombe cha mtu.

Na alikuwa mtanashati. Shati limepigwa pasi mpaka mikono. Kitambaa cha mfukoni kila siku kipya. Walimu wapya walipoajiriwa, aliwaambia jambo moja kabla ya mengine yote: "Gari ni chumba kidogo, na mwanafunzi hakukuchagua. Oga."

Mtu wa namna hiyo, wasikilizaji wapendwa, ndiye aliyeona damu chooni asubuhi moja kabla ya kwenda kazini.

Alijiambia ni bawasiri. Kukaa garini mchana kutwa, nani asingepata? Akaenda duka la dawa la mtaa wa mbali, asikojulikana, akanong'ona kwamba anataka dawa ya kupaka. Si yake. Ya shemeji yake.

"Mwambie shemeji yako aende hospitali," akasema muuza dawa.

"Mkaidi sana yule."

Akarudi mara ya pili, ya tatu, ya nne. Muuza dawa akawa anamwuliza kwa uso mkavu, "Shemeji anaendeleaje?" Naye alijibu, "Anajikaza." Akanunua kitambaa cheusi cha kufunika kiti cha gari. Akaacha kuvaa suruali za rangi ya maziwa alizozipenda. Mambo hayo aliyaendesha kwa miezi minane. Narudia: miezi minane.

Mkewe ni mpishi wa shule ya msingi. Siku moja alikuwa anafua, akasimama na suruali mkononi.

"Baba watoto, hii nini?"

"Rangi."

"Rangi ya nini?"

"Walikuwa wanapaka rangi kituoni, nikakaa bila kuangalia."

"Wewe? Ukae bila kuangalia?"

Hapo akashindwa. Mkewe anasema mumewe alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa juu chini, akaegemeza kichwa ukutani, akamwambia yote akiwa amefumba macho. Kesho yake walikwenda hospitali wawili. Mkewe alimshika mkono njia nzima. Anasema hakumshika kwa mapenzi. Alimshika asije akachomoka.

Mlango wa chumba cha daktari ulipofunguliwa, alitoka daktari mwanamke, kijana, umri wa kuwa binti yake.

"Mwalimu Kioo!" akasema. "Hunikumbuki? Mimi ndiye niliyepanda juu ya mzunguko, nikasimamisha gari kwenye maua."

Alimkumbuka vizuri sana. Akatamani sakafu ipasuke immeze. Akasema, "Daktari, mimi nimemsindikiza tu mke wangu," na mkewe akasema, "Mwongo huyo."

Daktari hakucheka. Alimweleza anachotaka kukipima, na namna atakavyokipima, kwa kidole na kwa kifaa. Mwalimu Kioo akang'ang'ania mkanda wa suruali kama mtu anayevuliwa hadharani. Daktari akavuta kiti, akakaa.

"Mwalimu, siku ile nilipozima gari katikati ya mzunguko, watu wakanipigia honi nikaanza kulia, unakumbuka ulichoniambia? Ulisema niwaache wenye honi. Nishughulike na gari."

Akalala ubavu, akageukia ukuta. Ilikuwa dakika chache tu. Alipomaliza kuvaa, daktari akachukua kalamu.

"Ilianza lini?"

"Wiki mbili."

Daktari akashikilia kalamu hewani. "Mwalimu."

"Mwezi."

"Mwalimu."

"Minane," akasema, akiangalia viatu vyake.

Vipimo vilipokamilika, jibu likawa hilo mlilokwisha kulisikia. Saratani ya utumbo mpana, kule mwisho. Ilihitajika upasuaji, na baada ya upasuaji, dawa za saratani kwa miezi sita. Bima aliyokuwa nayo kazini ilikuwa ya ajali za gari. Utumbo haukuwemo. Na pale shuleni mwalimu hulipwa kwa somo. Ukifundisha masomo sita, unalipwa sita. Ukilala kitandani, hulipwi. Mshahara wa mkewe ulikuwa umekwisha kugawanywa, kodi ya nyumba huku, ada ya binti kule.

Kaka yake mkubwa, fundi wa majokofu, akaja na wazo.

"Ukoo ni mkubwa huu. Nafungua kundi kwenye simu, tunachangishana."

"Utaandika nini?"

"Nitaandika unaumwa."

"Watauliza ninaumwa nini."

"Nitawaambia saratani."

"Watauliza ya wapi."

Fundi akafungua mdomo, akaufunga.

"Umeona?" akasema Mwalimu Kioo. "Hata wewe umekwama. Sitaki matako yangu yasomwe kwenye simu za watu."

Mniwie radhi, wasikilizaji, lakini ndivyo alivyosema. Kaka mtu aliangua kicheko, kisha akairudisha simu mfukoni. Mchango ukafa hapo hapo. Upasuaji ulilipiwa kwa kiwanja kidogo walichokuwa wakikitegemea kwa uzee. Yaliyobaki, akasema, atayalipia yeye mwenyewe kwa kufundisha.

Alikaa wodini siku kumi na moja. Waliondoa sehemu iliyoharibika, wakaziba njia ya chini, wakamtoboa tundu dogo upande wa kushoto wa tumbo. Choo kikawa kinatokea hapo, kinaingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Mfuko ule hukaa siku mbili tatu, kisha unatupwa, unabandikwa mwingine. Ndivyo nesi alivyomfundisha.

Wiki saba baadaye alirudi kazini. Kwa mwenye shule, mama mmoja ambaye walimu wake humwita Mama Leseni, alisema alifanyiwa upasuaji wa henia. Akafunga mkanda wa gari, ukapita juu ya mfuko. Akavuta shati likalegea. Akasema, "Kioo!" na kazi ikaanza.

Sasa sikilizeni shida ilipokuwa. Mifuko ile ni ghali. Wa kutupwa baada ya siku tatu, yeye aliuosha, akauanika nyuma ya mlango wa bafu, akaurudisha kwa gundi na plasta. Mfuko mmoja ukakaa siku nane, siku tisa. Nesi alipomwuliza, alijibu, "Nabadilisha, sista." Hakuwa anabadilisha. Na mfuko uliochoka hauzibi sawasawa. Huachia hewa. Huachia harufu.

Kwa hiyo akafungua madirisha. Yote manne, kila siku. Mwanafunzi akiuliza, anamwambia, "Dereva lazima aisikie barabara." Mvua ikinyesha, madirisha wazi. Mwanafunzi mmoja alikuja na koti la mvua, akalivaa ndani ya gari, akaendesha nalo.

Dawa alizopewa zilikuwa za vidonge. Dripu ingemtaka akae siku nzima, na siku nzima kwake ni masomo sita. Vidonge navyo vilimchubua viganja na nyayo, ngozi ikawa inabanduka vipande. Kukanyaga ile breki ya mwalimu kukawa kama kukanyaga kaa la moto. Akawa anavaa soksi mbili mbili.

Kila wiki ya tatu alitakiwa kupima damu na kuchukua vidonge vingine. Siku hiyo alimwelekeza mwanafunzi mpaka hospitali. "Leo tunajifunza kuegesha. Pale nafasi ni finyu, ukipaweza pale umepaweza popote." Mwanafunzi akishaegesha, alimpa kijitabu cha alama za barabarani. "Soma, nakuja." Akakaa ndani nusu saa, na saa nyingine zaidi. Muda ule mwanafunzi alikuwa ameshaulipia.

"Ninawaibia," alimwambia mkewe. "Watu wamenilipa niwafundishe, nami nawaacha wanaangalia picha."

"Waambie ukweli."

"Niwaambie nimebeba nini?"

Hapo ndipo anapoingia karani wa posta. Mama wa miaka hamsini na minne, mjane. Mumewe alimwachia gari ambalo katika uhai wake hakumruhusu hata kuligeuza. Amefika hapa studio kwa hiari yake. Ameomba tusitaje jina lake, lakini amesema alichokifanya tusikifiche.

Karani alivumilia madirisha. Alivumilia kuachwa hospitalini na kijitabu, mara mbili. Harufu aliisikia tangu somo la pili. Akadhani ni viatu. Akadhani ni pombe ya jana yake.

Siku ya somo la tisa walikuwa kwenye foleni kubwa, jua kali. Gari la mbele likafunga breki ghafla, Mwalimu Kioo naye akakanyaga ya kwake, mkanda ukambana. Mfuko ukabanduka. Karani alisikia sauti, kisha harufu ikajaa gari zima, madirisha wazi na yote. Mwalimu akashika shati lake kwa mikono miwili.

"Simama pembeni, mama."

Karani akasimama pembeni. Akachukua mtandio wake, akaziba pua.  Mwalimu alikuwa anamwangalia kwenye kioo kile cha juu. Aliona kila kitu. Akashuka, akaingia kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa karibu, akakaa humo chooni dakika arobaini. Aliporudi, suruali ilikuwa imelowa maji. Wakarudi shuleni, mwalimu anaangalia mbele tu. Hata "Kioo" hakusema.

Karani alikwenda nyumbani, akachukua karatasi, akaandika. Anakumbuka kila neno. Aliandika: Mwalimu wenu hajisafishi. Nadhani anakunywa. Tena ananifanya dereva wake wa kumpeleka kwenye shughuli zake. Naomba nirudishiwe fedha zangu au nibadilishiwe mwalimu.

Kesho yake Mama Leseni alimwita Mwalimu Kioo ofisini. Walimu wengine wanne walikuwepo, wanasaini karatasi zao. Mama Leseni hakuwatoa. Akaisoma barua kwa sauti, kuanzia juu hadi chini. Kwenye neno "hajisafishi" mwalimu mmoja alicheka puani. Ni yule ambaye Mwalimu Kioo alimfundisha kazi, ambaye siku ya kwanza aliambiwa aoge.

"Una la kusema?" akauliza Mama Leseni.

Angeweza kuinua shati. Mkewe anasema alimwuliza baadaye, kwa nini hukuinua shati, mambo yakaisha? Alimjibu, "Mkono ulikataa." Alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka juu ya barua, akashuka ngazi. Miaka zaidi ya ishirini, akashuka ngazi mikono mitupu.

Nyumbani hakusema. Asubuhi alioga, akavaa shati la pasi, akaaga. "Nikimbie, nina mwanafunzi wa mapema." Akaenda akakaa kwenye mabenchi ya nje ya dirisha la dawa la hospitali. Mtu akikaa pale hata kutwa haulizwi anafanya nini. Akakaa siku ya kwanza. Akakaa siku ya pili. Akakaa siku ya tatu.

Siku hiyo ya tatu karani alikuwa na mwalimu mpya, ndani ya gari lile lile. Kiti kilikuwa kinagoma kusogea. Mwalimu mpya akaingiza mkono chini, akatoa boksi la viatu. Ndani yake kulikuwa na sabuni, chupa ya maji, vitambaa vilivyokunjwa kwa unadhifu, manukato ya bei rahisi, gundi, plasta, na mfuko wa plastiki wa ajabu uliofuliwa mpaka ukafifia rangi. Kulikuwa pia na karatasi ya maelezo iliyochakaa kwenye mikunjo.

"Makorokoro gani haya?" akasema mwalimu mpya, akataka kuyatupa.

Karani wa posta, wasikilizaji wapendwa, amesoma karatasi za vifurushi maisha yake yote. Akaichukua ile. Akaisoma. Akairudia. Mfuko huu ni wa mgonjwa aliyetobolewa tumbo. Utumike mara moja tu, kisha utupwe. Akautazama ule mfuko uliofuliwa. Anasema alihisi uso unamwaka moto, kama aliyepigwa kofi na mtu aliyekuwa na haki ya kumpiga.

"Nashuka," akasema.

Alikwenda kwanza kwa Mama Leseni, akaweka boksi juu ya meza. Mama Leseni akatazama, akakaa, akaanza kupanga kalamu zake bila sababu. Karani akaomba anwani. Saa kumi jioni alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Kioo, na mkewe ndiyo kwanza anavua aproni ya kazini.

"Nimekuja kumwomba radhi mwalimu."

"Radhi ya nini, dada yangu? Hajarudi bado. Yuko kazini."

Karani akanyamaza. Mke akamtazama. Kimya kile kikamaliza kazi yote.

"Tangu lini?" akauliza mke.

"Siku ya tatu leo."

Mkewe anasema hapo aibu ilimshika yeye. Siku tatu alikuwa amempigia pasi mashati ya kwenda kukaa kwenye benchi, asijue. Akafunga mlango, wakaondoka wawili. Hakuhitaji kuambiwa pa kumtafuta: nje ya gari, mumewe alibakiwa na hospitali tu.

Walimkuta amekaa kwenye mabenchi ya dirisha la dawa, kijitabu cha alama za barabarani mapajani. Alipowaona wanakuja pamoja, akaelewa. Akajaribu kusimama, nyayo zikamkatalia.

Karani alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Yalipotea. Akabaki na "Mwalimu, nisamehe. Sikujua."

Msidhani alimsamehe pale pale. Alikasirika. Mkewe anasema hajawahi kumwona amekasirika namna ile, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Ungesema, mwalimu, unanuka."

"Ningekuambiaje, mwalimu?"

"Kama nilivyokuwa nakuambia wewe unasaga gia. Nilikuambia mara ngapi? Ulikufa?"

Karani akalia. Mwalimu akamgeukia mkewe. "Na wewe umejua sasa."

"Nimejua."

"Niliiba muda wa watu. Hilo aliloandika ni kweli. Nimemfanya dereva wangu, kweli. Nimenuka, kweli. Kosa lake ni pombe tu. Pombe sijagusa."

Wakakaa watatu kwenye benchi lile mpaka dirisha la dawa lilipofungwa.

Mama Leseni alikuja nyumbani kwake kesho yake, na ufunguo. Aliomba msamaha akiwa amesimama, hakutaka kiti. Mwalimu Kioo alikaa na ufunguo ule siku mbili kabla ya kukubali. Akatoa sharti moja: kila mwanafunzi atamwambia mwenyewe, siku ya kwanza, kabla gari halijawashwa. Asiyetaka, apewe mwalimu mwingine bila maswali.

Mara ya kwanza aliharibu. Alimwambia mwanafunzi, "Mimi nina, yaani, kuna kitu, basi twende." Mara ya pili jasho lilimtoka, lakini maneno yakatoka pia. Kufikia mwezi wa pili alikuwa na namna yake: "Nina saratani, nimetobolewa tumbo, nina mfuko hapa. Ukisikia sauti usitafute redio, ni mimi." Wengi walicheka, kwa ruhusa yake. Wawili waliomba mwalimu mwingine. Wakapewa, bila maswali.

Na kaka yake, yule fundi wa majokofu, aliitwa tena. Safari hii Mwalimu Kioo alimwamuru aandike. "Andika utumbo mpana, mwisho wake. Andika mifuko, na bei yake." Fundi aliandika, akafuta, akaandika tena. Watu wa ukoo walichanga. Mifuko ikapatikana ya kutosha, ikawa inatupwa siku inayotakiwa kutupwa. Binamu zake wawili walimpigia pembeni, kila mmoja kwa sauti ya chini, wakasema wao pia wameona damu. Mmoja alikwenda hospitali, akakutwa na kinyama kidogo utumboni, kikatolewa, na leo yuko salama. Wa pili alisema atakwenda. Hajakwenda bado. Kama unatusikia, ndugu, familia inakukumbusha.

Karani aliomba kurudi kwa mwalimu wake. Alikataliwa mwezi mzima. Kisha akakubaliwa, bila hotuba. Alifaulu mtihani mara ya pili, na gari la marehemu mumewe likatoka uani. Tangu hapo siku za vidonge yeye ndiye aliyempeleka hospitali, na muda ule haukuwa wa somo. Ingawa, anasema, makosa yake yalitajwa yote njiani.

Mwalimu Kioo alifundisha miezi kumi na minne mingine. Kisha vipimo vikaonyesha ugonjwa umefika kwenye ini. Nyayo nazo zilikuwa zimekufa ganzi. Asubuhi moja alipanda ghorofani, akamwambia Mama Leseni, "Siwezi tena kumwahidi mtu breki." Akaacha kazi kwa kauli yake mwenyewe. Walimu wakashuka naye ngazi wote, na yule aliyecheka puani alimshikia mkoba. Hakumwomba msamaha. Mpaka leo anasema hajui alikuwa anasubiri nini.

Tulimwuliza mkewe kama mwishoni aibu ilimtoka mumewe. Akatikisa kichwa. "Msiseme hivyo. Haikumtoka. Kila alipowaambia watu, nilikuwa naona masikio yanavyobadilika rangi. Aliona aibu, na akasema hivyo hivyo."

Kuna mtu mmoja tu ambaye hakumruhusu kuugusa mfuko. Binti yake. Mke sawa, nesi sawa, binti hapana. Alimtoa chumbani kila mara. Wiki ya mwisho mama alikuwa kazini, nesi hakuwepo, na mfuko ulijaa. Binti akaleta maji ya vuguvugu, sabuni, kitambaa. Baba akafunika uso kwa mkono, kiwiko juu ya macho.

"Toka nje, mwanangu."

"Baba, wewe umenibadilisha nepi ngapi?"

"Hizo ni nyingine. Ulikuwa mtoto."

"Na mimi nilikuwa naona aibu?"

 Binti akafanya kazi yake, polepole, kama nesi alivyokuwa akifanya. Alipofuta ngozi, akamtazama baba yake.   Alikuwa ameondoa mkono usoni, anamwangalia anavyobandika mfuko mpya.

"Bonyeza pembeni," akamwambia. "Pembeni kote. Hapo. Hapo hapo."

Aliaga dunia siku nne baadaye, mchana, mkewe na binti yake wakiwa chumbani.

Kwa mkewe, kwa binti yake, kwa kaka yake na ukoo wote, kwa Mama Leseni na walimu wa shule ile, na kwa karani wa posta: poleni sana, kutoka kwetu sote hapa studio. Mungu amlaze mahali pema.

Na kwenu, wasikilizaji wapendwa. Yule daktari tulimwuliza kama ile miezi minane ndiyo iliyomwua. Alisema hawezi kuapa. Akasema pia kwamba kila wiki anakutana na mtu mwenye miezi minane yake.

Sasa tutanyamaza dakika moja kwa heshima ya Mwalimu Kioo. Kama una jambo mwilini umelificha, au kuna mtu uliyemzibia pua bila kumwuliza ana nini, dakika hii tunakuachia wewe. Zima redio ukitaka. Kamwambie mtu, au kamwulize.